"Nakala Tepe" na Mwanafunzi Asiyeona

Miongoni mwa maneno yaliyoingia ofisini na shuleni katika miaka ya karibuni, "nakala tepe" ni mojawapo ya yale yaliyopokewa upesi. Lilikusudiwa kuitenga nakala iliyomo katika kompyuta na ile iliyochapwa kwenye karatasi, na kazi hiyo limeifanya vyema. Hata hivyo, tumeona kwamba neno hilo sasa linabeba vitu viwili vilivyo mbalimbali, na anayeumia kwa mkanganyo huo ni mwanafunzi asiyeona.

Yafaa tuanze na chombo chenyewe. Kisoma skrini ni programu inayochukua maandishi yaliyomo katika kompyuta, simu au kishikwambi na kuyatamka kwa sauti, au kuyapeleka katika kifaa cha nukta nundu ili yapapaswe kwa vidole. Muundo wa jina hili si mgeni: tunacho kipaza sauti, kinasa sauti na kizima moto. Lakini jina laweza kupotosha kidogo, kwani msikiaji hudhani kwamba programu huitazama skrini kama jicho litazamavyo. La hasha. Aghalabu haitazami kitu. Hupokea herufi kutoka kwa programu nyingine, moja baada ya moja. Pasipo na herufi, hapana la kusoma.

Hapo ndipo "nakala tepe" inapotukwamisha. Mwalimu aliyechapa zoezi lake kwa kompyuta na kulihifadhi anayo nakala tepe. Mwenzake aliyeandika zoezi lilelile kwa mkono kisha akalipiga picha kwa simu, naye anayo. Karani aliyechapa waraka, akautia sahihi na mhuri, akaupitisha katika skana na kuutuma ukiwa faili la PDF, naye pia anayo. Kwa macho, zote tatu zasomeka. Kwa kisoma skrini, ya kwanza ni maandishi, na mbili zilizosalia ni picha tu. Mwanafunzi atasikia jina la faili, pengine na neno "picha", kisha kimya. Na aliyeituma akiulizwa, atajibu kwa moyo mkunjufu kwamba nakala tepe imekwisha kutumwa. Hakusema uongo, lugha ndiyo iliyompa neno moja kwa vitu viwili. Jambo hili limezidi kuwa na uzito nchini Tanzania tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, maana sasa kupiga picha ukurasa ni rahisi kuliko kuuchapa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chini ya nakala tepe ziwepo istilahi mbili: nakala matini, yaani ile yenye herufi ambazo kompyuta inazitambua, na nakala picha, yaani taswira ya ukurasa. Neno "matini" limekwisha kuzoewa na wafasiri na walimu wa lugha, nasi hatukuona sababu ya kubuni jingine. Afisa ataweza kuagiza kwamba waraka upelekwe shuleni kwa nakala matini, na aliyeagizwa asipate nafasi ya kuelewa vingine.

Kazi ya kuigeuza nakala picha kuwa nakala matini tunaiita utambuzi wa herufi. Baadhi ya visoma skrini vya leo vinao uwezo huo ndani yake. Msomaji asije akadhani kwamba tatizo limekwisha. Utambuzi huo hufaulu kwa chapa iliyo safi, hubabaika kwa mwandiko wa mkono, na huzidi kukosea programu inapodhani kwamba inasoma Kiingereza. Ramani, mchoro wa moyo au picha ya mmea hauna herufi za kutambuliwa. Huo huhitaji maelezo mbadala, yaani maneno machache yanayoambatishwa na picha ili yasomwe mahali pake. Kuandika maelezo hayo ni kazi ya mwalimu, wala si ya mashine.

Kuna mkanganyo mwingine, katika neno "lugha". NVDA, kisoma skrini kisicholipiwa ambacho kilianza kutengenezwa Australia mwaka 2006, huja pamoja na sauti ya eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Ikiachwa katika Kiingereza, "wake" hutamkwa "weik" na "pale" hutamkwa "peil", na kipindi kizima huwa porojo. Maelekezo kwa walimu yatenge basi lugha ya menyu na lugha ya sauti, kwa kuwa kubadili ya kwanza si lazima kubadilishe ya pili.

Kuhusu upatanisho, "-saidizi" lifuate ngeli kama linavyofanya katika "katibu msaidizi": kifaa kisaidizi, vifaa visaidizi, teknolojia saidizi. "Vifaa saidizi" limeenea, lakini hatuoni linatetewa na nini.

Imebaki nukta nundu, maandishi aliyoyachapisha Louis Braille mwaka 1829. Kenya hupenda kuyaita breli, nasi hatuna ugomvi na jina hilo, ingawa nukta nundu humweleza hata asiyewahi kuyaona kwamba ni vidoti vilivyotuna. Ugumu uko katika kile kifaa chembamba kinachounganishwa na kompyuta, ambacho vijiti vyake huchomoza na kuzama kufuata maandishi. Wako wanaokiita kionyeshi. Tunasita, kwani kuonyesha ni kumfanya mtu aone, na hapa hakuna wa kuona. Tumependelea mwambaa wa nukta nundu, kutokana na kitenzi "ambaa", kupita kandokando ya kitu, jinsi kidole kinavyofanya juu yake. Wanaokitumia kila siku ndio wanaoweza kutuambia kama jina hili linafaa, na barua zao tutazichapa.