Matthew Hale: Jaji wa karne ya 17 ambaye maandishi yake bado yanagusa ndoa za Afrika Mashariki

Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, uamuzi wake ulimtaja mara kadhaa jaji wa Kiingereza aliyefariki zaidi ya miaka 340 kabla. Jina hilo, Sir Matthew Hale, lilizua mjadala mkali nchini humo. Wengi walishangaa kwamba mtu aliyezaliwa mwaka 1609 angali na sauti katika mahakama za leo.

Afrika Mashariki haina sababu ya kushangaa. Sentensi chache alizoandika Hale kuhusu mume na mke zilisafiri na maofisa wa kikoloni hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na athari zake hazijatoweka. Zinaamua hadi leo iwapo mwanamke aliyelazimishwa na mumewe anaweza kufika kituo cha polisi na kusema amebakwa.

Dereva wa lori anayeondoka Dar es Salaam na kushusha shehena yake katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, huenda asijue kwamba pamoja na mpaka wa nchi amevuka mpaka wa mifumo miwili ya sheria. Nyuma yake ni nchi iliyorithi sheria za Kiingereza, ambako Hale ana nafasi. Mbele yake ni Burundi, iliyorithi kanuni zilizoandikwa kwa mtindo wa Ubelgiji, ambako jaji huyo hana urithi wa aina hiyo.

Hale alikuwa nani?

Matthew Hale alizaliwa Novemba 1, 1609 katika kijiji cha Alderley, magharibi mwa Uingereza. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa aliyefuata madhehebu ya Wapuritani. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyeiacha kazi hiyo kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuzipamba hoja mahakamani.

Mtoto aliichukua kazi aliyoikimbia baba. Mwaka 1628 alijiunga na chuo cha mawakili cha Lincoln's Inn mjini London, na wakati Uingereza ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa wakili mwenye jina. Mwaka 1654, chini ya utawala wa Oliver Cromwell, aliteuliwa kuwa jaji. Ufalme uliporejea mwaka 1660, wengi waliotumikia utawala uliopita waliadhibiwa, lakini Hale alipandishwa cheo. Mwaka 1671 akawa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme, wadhifa alioushika hadi alipojiuzulu kwa maradhi mwaka 1676. Alifariki siku ya Krismasi mwaka huohuo.

Askofu Gilbert Burnet, aliyeandika maisha yake mwaka 1682, anamwelezea kama mtu aliyeogopa rushwa kiasi cha kuwakera waungwana. Aliyemletea nyama ya mawindo huku akiwa na kesi mbele yake alitakiwa kwanza kupokea bei ya nyama hiyo. Viongozi wa kanisa la Salisbury walipomletea sukari kwa desturi ya kuwakaribisha majaji, nao walilipwa.

Hale alijiandikia pia orodha ya mambo 18 ambayo jaji anapaswa kuyakumbuka kila siku. Miongoni mwake ni kutotoa hukumu moyoni kabla ya kusikiliza pande zote, na kutompendelea tajiri kwa mali yake wala maskini kwa huruma pale haki inapopimwa.

Kalamu ya dini

Kwa watu wa zama zake, Hale alisomwa kwanza kama mwandishi wa dini. Kila Jumapili baada ya ibada ya jioni alijifungia na kuandika tafakuri, na Burnet anasimulia kwamba kwa miaka 36 hakukosa kanisa siku hiyo hata mara moja. Tafakuri hizo zilichapishwa mwaka 1676 bila idhini yake, na zilirudiwa mara nyingi kwa vizazi vilivyofuata. Mojawapo inamchora binadamu kama wakili wa mali ya mwingine, atakayeitwa siku moja kutoa hesabu ya akili, afya, fedha na muda aliokabidhiwa.

Mwaka 1677 kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu chimbuko la mwanadamu. Humo alibishana na wanafalsafa waliodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, akitumia hoja za maandiko pamoja na hesabu za ongezeko la watu.

Imani hiyo haikubaki kanisani. Mwaka 1676, katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kukufuru, Hale alitamka kwamba Ukristo ni sehemu ya sheria za Uingereza, na hivyo kuutukana ni kosa mbele ya mahakama. Msimamo huo ulikuja kukataliwa na majaji wa Uingereza mwaka 1917. Kanuni za Adhabu za Afrika Mashariki zilichukua njia tofauti: Kenya na Tanzania zinakataza kuitukana dini ya kundi lolote la watu, bila kuitaja moja juu ya nyingine.

Wajane wawili wa Lowestoft

Ukurasa mzito zaidi katika maisha yake uliandikwa mwaka 1662 katika mji wa Bury St Edmunds. Wajane wawili kutoka Lowestoft, Amy Denny na Rose Cullender, waliletwa mbele yake wakishtakiwa kuwaroga watoto.

Mahakamani ulifanyika mtihani. Msichana aliyesemekana kurogwa alifunikwa macho, kisha akaguswa na mtu mwingine asiye mshtakiwa. Alipiga kelele vilevile kama alivyofanya alipoguswa na mshtakiwa. Baadhi ya mabwana waliokuwapo walisema wazi kwamba jambo hilo lilikuwa udanganyifu.

Hale hakuisimamisha kesi. Aliwaambia wazee wa baraza kwamba wachawi wapo, kwa kuwa maandiko matakatifu yanathibitisha hivyo na mataifa yamewatungia sheria. Wanawake hao walitiwa hatiani na kunyongwa. Ripoti ya kesi hiyo ilichapishwa mwaka 1682, na miaka kumi baadaye ilitumiwa kama mwongozo huko Salem, Marekani, ambako watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi.

Bunge la Uingereza liliacha kuwashtaki watu kwa uchawi kupitia sheria ya mwaka 1735. Hata hivyo tuhuma za aina ile hazijaisha. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika kaunti za Kilifi na Kwale nchini Kenya, wazee wamekimbia makazi yao kwa tuhuma hizohizo. Tofauti ni kwamba leo mahakama humshtaki muuaji, ilhali mwaka 1662 hukumu ya kifo ilitoka kwa mmoja wa majaji wasomi zaidi wa nchi yake.

Kifungu kilichovuka bahari

Kazi kuu ya Hale kuhusu makosa ya jinai haikuwa imekamilika alipofariki. Bunge liliagiza ichapishwe mwaka 1680, lakini ilitoka mwaka 1736, miaka 60 baada ya kifo chake. Ndani yake mna hoja mbili zilizodumu kuliko nyingine zote.

Ya kwanza ni kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe wa halali. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwanamke, kwa kukubali ndoa, amejitoa kwa mumewe na hawezi kuirudisha nyuma ridhaa hiyo. Hale hakutaja kesi wala sheria yoyote ya kuunga mkono kauli hiyo. Aliiandika alipokuwa akieleza kesi ya mwaka 1631, ambapo bwana mmoja, Earl wa Castlehaven, alihukumiwa kifo kwa kumsaidia mwanamume mwingine kumbaka mkewe. Hale alitaka kueleza kwa nini mume anaweza kuwa na hatia kama msaidizi, ingawa kwa maoni yake hawezi kuwa mtenda kosa mwenyewe.

Ya pili ni tahadhari kwamba ubakaji ni shutuma iliyo rahisi kuitoa, ngumu kuithibitisha, na ngumu zaidi kwa mshtakiwa asiye na hatia kujitetea dhidi yake. Kutokana na tahadhari hiyo, majaji wa vizazi vilivyofuata walijenga kanuni kwamba neno la mwanamke peke yake halitoshi, na kwamba ni lazima au ni busara kutafuta ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.

Hoja ya kwanza iliingia katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata kanuni mpya zilizofanana, zilizoeleza ubakaji kuwa ni kumwingilia mwanamke "isivyo halali" bila ridhaa yake. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyobeba kauli ya Hale, kwa kuwa yalichukuliwa kumaanisha tendo lililo nje ya ndoa.

Hali ikoje sasa?

Uingereza yenyewe iliachana na kanuni hiyo Oktoba 23, 1991, majaji wa Baraza la Mabwana walipoamua kwamba mume anaweza kushtakiwa. Walisema kauli ya Hale huenda ilieleza hali ya mke katika karne ya 17, lakini ndoa ya sasa ni ubia wa watu wawili walio sawa.

Tanzania Bara ilibadilisha sheria mwaka 1998 kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Mume anaweza kushtakiwa, lakini pale tu mke anapokuwa ametengana naye. Kwa wanaoishi pamoja, kinga imebaki.

Kenya ilipojadili Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, muswada uliowasilishwa na mbunge Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu, ulipita baada ya kufanyiwa mabadiliko mengi. Kifungu cha 43 kinasema kwamba maelezo yake hayawahusu watu waliooana kihalali. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inautambua ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mke anaweza kuiomba mahakama amri ya kumlinda.

Rwanda ililifanya tendo hilo kuwa kosa katika sheria yake ya mwaka 2008 kuhusu ukatili wa kijinsia. Burundi ilifanya hivyo katika Kanuni ya Jinai ya mwaka 2009, ingawa kwa adhabu nyepesi mno ikilinganishwa na ubakaji mwingine, kisha ikatunga sheria maalumu dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2016.

Hoja ya pili imebomoka haraka zaidi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kudai ushahidi wa ziada kwa sababu tu mlalamikaji ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka katiba. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo imekwenda mbali zaidi, ikisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe.

Urithi mwingine: bandari na maghala

Si kila alichoacha Hale kimekuwa mzigo. Katika andiko lake kuhusu bandari, lililochapishwa mwaka 1787, alieleza kwamba mwenye gati au winchi ambayo watu wote hawana budi kuitumia hawezi kutoza atakavyo. Mali yake imeguswa na maslahi ya umma, hivyo tozo lazima ziwe za kiasi.

Mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia hoja hiyo kuruhusu jimbo la Illinois kuweka kikomo cha tozo za maghala ya nafaka. Kwa nchi isiyo na bahari kama Burundi, ambayo mzigo wake mwingi hupitia Dar es Salaam kabla ya kufika katika maghala ya Zone Industrielle, hoja hiyo ina uzito wake: kila gharama ya gati na ghala hulipwa mwishowe na mnunuzi wa dukani.

Nani anaweza kubadilisha?

Wanaotetea kinga ya mume hutaja heshima ya ndoa, mafundisho ya dini, ugumu wa kuthibitisha kilichotokea chumbani, na hofu ya mashtaka ya kulipiza kisasi. Wanaoipinga hujibu kwamba ugumu wa ushahidi upo katika makosa mengi na haujawahi kulifanya kosa kuwa halali. Huongeza kwamba mke asiye na haki ya kukataa hana pia namna ya kujikinga na virusi vya Ukimwi mume anapokuwa na wapenzi wengine.

Njia ya mabadiliko inatofautiana baina ya nchi. Nchini Uganda, ambako Kanuni ya Adhabu imeendelea kutumia maneno "isivyo halali", majaji wanaweza kuyafasiri upya kama walivyofanya wenzao wa London mwaka 1991. Nchini Kenya na Tanzania, kinga hiyo imeandikwa waziwazi na mabunge ya nchi huru. Jaji anayetaka kuiondoa atalazimika kwanza kuonyesha kwamba inapingana na katiba. La sivyo, uamuzi ni wa wabunge, ambao hawawezi tena kusema kwamba kifungu hicho ni cha Hale peke yake.