UFAFANUZI KUHUSU UGAWAJI WA MASAFA YA MAWIMBI YA SIMU

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa maana ya kuhamishwa kwa masafa ya redio kutoka matumizi ya televisheni kwenda kwa kampuni za simu.

Masafa ni njia za angani zinazopitisha sauti, picha na maandishi. Hayaonekani, lakini yana ukomo: wawili wakiyatumia yale yale mahali pamoja, kila mmoja humvuruga mwenzake. Ndiyo sababu hugawiwa kwa leseni.

Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, posta na simu ni mambo ya Muungano. Kwa hivyo masafa ya simu, Bara na Visiwani, hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Aidha, wimbi halisimami ufukweni. Linalorushwa Bara laweza kuvuka mkondo wa bahari na kuvuruga mitambo ya Unguja.

Televisheni ya analojia ilihitaji njia nzima kwa chaneli moja. Ya dijitali hupitisha chaneli kadhaa katika njia hiyo hiyo. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Disemba, 2012, kabla ya ukomo wa kimataifa wa tarehe 17 Juni, 2015. Nafasi iliyopatikana katika megahezi 700 ilinadiwa Juni 2018, ikachukuliwa na Vodacom Tanzania na Azam Telecom. Mnada wa Oktoba 2022 ulihusu megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, kwa ajili ya mitandao ya kizazi cha nne na cha tano.

Inafaa ieleweke kuwa masafa hayalingani. Megahezi 3500 hubeba mzigo mkubwa kwa kasi, lakini hazifiki mbali. Huhitaji minara mingi, na hufaa mijini. Megahezi 700 huenda mbali na hupenya kuta na miti, hata mnara mmoja ukahudumia eneo kubwa. Hizo ndizo tegemeo la vijiji vilivyotawanyika, kama Gwata ya Kibaha na Gwata ya Kisarawe mkoani Pwani, na la shehia zetu za shamba.

Hata hivyo, leseni peke yake haifikishi huduma. Masafa yaliyogawiwa bila ya kujengewa minara humnyima mwanakijiji mara mbili: mwenye leseni hayatumii, na mwengine haruhusiwi kuyatumia.

Kwa hivyo wananchi wanashauriwa:

(a) kumuuliza muuzaji, kabla ya kununua simu, iwapo inapokea megahezi 700;

(b) kutofunga vifaa vya kukuza mawimbi bila ya idhini;

(c) kuwasilisha malalamiko ya huduma kwanza kwa kampuni husika, na yasipotatuliwa, kwa TCRA.

Masafa ni amana ya umma. Aliyekabidhiwa anawajibika kuyatumia, na mwananchi ana haki ya kuuliza.