TV ya inchi 43 inaingia kwenye nafasi ya inchi 42? Ndiyo, na hesabu yake hii hapa

Fundi seremala ameshamaliza kabati la TV, na nafasi aliyoacha katikati ina upana wa inchi 42. Dukani, TV iliyokupendeza imeandikwa inchi 43. Wengi hapo hukata tamaa na kuondoka na ya inchi 32. Wala hakukuwa na haja.

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi la TV si upana wake. Ni urefu wa kioo kona kwa kona, kutoka pembe ya juu upande mmoja hadi pembe ya chini upande wa pili. Hata simu uliyoshika hapo inapimwa hivyohivyo.

Sasa fungua kikokotoo. Inchi 1 ni sentimita 2.54 kamili, kipimo ambacho Marekani, Uingereza na nchi nyingine 4 zilikubaliana mwaka 1959, maana kabla ya hapo inchi zao zilipishana kidogo. 43 mara 2.54 ni sentimita 109.2. Hiyo ni kona kwa kona. TV nyingi za siku hizi zina umbo la 16 kwa 9, na kwa umbo hilo upana wa kioo ni kama asilimia 87 ya kipimo hicho. Kwa hiyo zidisha kwa 0.87, unapata sentimita 95.

Nafasi ya fundi je? 42 mara 2.54 ni sentimita 106.7. TV inaingia pamoja na fremu yake, na pa kupitisha waya panabaki. Ila ya inchi 50 sahau, kioo peke yake kinavuka sentimita 110. Kimo nacho usikisahau: zidisha kwa 0.49, kisha ongeza miguu ya TV.

Wengine wanapigwa chenga na futi. Futi 1 ni inchi 12, si 10, hivyo futi 3 na inchi 6 ni 3.5. Ukiandika 3.6 kwenye kikokotoo utapata sentimita 109.7, yaani sentimita 3 za hewani, na fundi atakata mbao kwa hesabu hiyo.

Upana halisi pamoja na fremu huwa kwenye karatasi ya maelezo, mara nyingi kwa milimita. Gawa kwa 10 upate sentimita, umpe fundi hizo hizo. Tepu yake ina pande zote mbili.