Maiti Iliyokutwa Njiani, na Kazi ya Korona

Katika vijiji vya Matiri na sehemu nyingine za Mbinga, hata kushuka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, twasikia mara nyingi swali hili: mtu akikutwa amekufa kondeni au majini, na jamaa zake wamekwisha kumlilia na kuchimba kaburi, Serikali yazuia maziko kwa haki gani? Maiti si ya wenyewe? Swali si la upuzi, nasi twaona yafaa kulijibu, maana wako waliozika kwa haraka kisha wakajuta.

Kwanza jina. Mwenye kazi ya kuchungua vifo vya namna hii aitwa korona. Asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1194 iliamriwa wachaguliwe watu katika kila jimbo kulinda haki za mfalme, na neno lenyewe latokana na taji. Msomaji asidhani kuwa lahusu maradhi yaliyoenea dunia nzima mwaka 2020. Maradhi yale yalipewa jina hilo kwa kuwa kijidudu chake huonekana kama kimevaa taji. Majina yamekutana njiani tu.

Waingereza waliileta desturi hiyo Tanganyika, na siku zile bwana shauri wa boma alikuwa mtawala na hakimu pamoja. Siku hizi twafuata Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, na kazi ya korona hufanywa na hakimu. Hakuna mtu akaaye ofisini akingoja maiti tu. Hakimu yule yule asikilizaye kesi za wizi na za mipaka ya mashamba ndiye akaaye kitini kuchungua kifo.

Si kila kifo kifikacho kwake. Mzee aliyeugua siku nyingi, akatibiwa hospitali ya Litembo na ugonjwa wake ukajulikana, huzikwa na watu wake kwa amani. Yatakiwayo kuchunguliwa ni mauti ya ghafla yasiyojulikana sababu, na ya kuuawa, ya kujiua, na ya ajali. Na zaidi ya yote, mauti ya mtu aliyekuwa gerezani au mikononi mwa polisi, kwa kuwa hapo walinzi wake ndio wa kuulizwa kwanza.

Njia yake ni hii. Aonaye maiti humpasha habari mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, naye huwaarifu polisi. Polisi hutazama mahali, huandika maneno ya walioona, na humwita daktari aitazame maiti, na ikibidi aipasue. Ikishukiwa sumu, sehemu ndogo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hapa ndipo wengi huogopa, wakisema daktari ni mumiani, huuza viungo vya watu. Maneno haya tuliyasikia tangu utoto wetu, wala hatujamwona aliyeyathibitisha. Kisha mambo hufika kwa korona, ila kama mtu amekwisha kushtakiwa kwa kuua, basi shauri hufuata njia ya kesi ya jinai.

Mbele ya korona hakuna mshtakiwa. Yeye huuliza: marehemu ni nani, alikufa wapi, lini, na kwa sababu gani? Haulizi nani mchawi.

Kuna kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Kijana alikutwa amekufa kando ya kijito asubuhi, akazikwa jioni ile ile, na polisi hawakupata habari. Siku ya tatu yake shangazi, ajuza asiye na mume, alitajwa kuwa ndiye aliyemla. Usiku nyumba yake ikachomwa moto. Sasa polisi wakaja, na kwa amri kaburi likafukuliwa mbele ya mama mzazi. Daktari akaona fuvu limepasuka nyuma. Juu ya kijito palikuwa na gogo la kuvukia, limeota ukungu, na chini yake mawe. Ajuza alikuwa amekwisha kuhamia kwa nduguye mbali, wala hakurudi tena. Laiti wangengoja siku moja, mambo hayo yote yasingetokea.

Tena korona hafungwi na maneno ya wapelelezi, hata wakiwa wakubwa. Huko Kenya, Agosti 24, 2000, Padre John Kaiser, Mmarekani aliyefanya kazi kwa Wakisii na Wamasai, alikutwa amekufa kwa risasi karibu na Naivasha. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani wakasema mwaka 2001 kuwa alijiua mwenyewe. Maaskofu wakakataa, na uchunguzi ukafunguliwa mahakamani mwaka 2003. Mnamo Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kuwa Padre aliuawa na watu. Hakuweza kuwataja wauaji, lakini jina la marehemu lilisafishwa.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Kenya ilitunga sheria mwaka 2017 ya kuwa na idara maalumu ya makorona. Huko Marekani kila jimbo lina lake: Kentucky ina wilaya 120, na kila moja humpigia kura korona wake, Maryland tangu mwaka 1939 imewapa kazi hiyo madaktari chini ya ofisi moja. Kwetu hakimu si daktari, wala hakuwapo kijitoni. Hutegemea daktari, na hutegemea walioiona maiti kwanza. Kwa hiyo maiti isihamishwe wala kuoshwa kabla polisi hawajafika, isipokuwa maji au fisi wanaihatarisha; na kamba, chupa, panga au viatu vilivyo karibu viachwe pale pale. Mmoja abaki akilinda, na mwingine aende kwa mtendaji.