Kicheche Hafukuzwi kwa Rungu

Skanki, yule mnyama wa Marekani anayerusha maji ya kunuka, hayuko huku kwetu Mweso, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo. Aliyepewa kazi hiyo Afrika ni kicheche. Umbo lake ni dogo kuliko la paka wa nyumbani, uzito wake mara nyingi hauvuki kilo moja na nusu, manyoya yake ni meusi yenye mistari mieupe ya kutoka kichwani hadi mkiani. Chini ya mkia ana tezi mbili zinazomletea heshima kuliko pembe zinavyomletea nyati. Wataalamu hawawaweki kicheche na skanki katika ukoo mmoja. Kicheche ni jamaa ya nyegere na fisi-maji. Skanki walitengewa ukoo wao miaka ya 1990, vinasaba vyao vilipochunguzwa. Kila mmoja alijipatia silaha yake peke yake. Inaonekana kunuka ni sera nzuri ya ulinzi, tena isiyohitaji bajeti wala risasi.

Kicheche hupenda nyasi. Msitu mzito haumfai. Kwa hiyo Mweso iko mpakani mwa makao yake. Upande wa milima ya Masisi kuna malisho ya ng'ombe palipokuwa msitu zamani. Upande wa Pinga na Walikale msitu unafunga, na huko wanaozunguka usiku ni fungo, kanu na wenzao. Mwenye parseli kwa kawaida hamwoni yeyote kati yao. Anahesabu kuku asubuhi, anakuta mmoja hayupo, anakumbuka harufu ya jana usiku, na kesi inafunguliwa dhidi ya mwenye harufu.

Kesi hiyo ina mapengo. Kicheche huishi zaidi kwa wadudu, mabuu, panya, mijusi na nyoka. Ng'ombe wakishalala, yeye hupita malishoni akichimbua mabuu ya mbawakawa. Yai au kifaranga kilichoachwa wazi hatakikataa, hilo tukubali. Lakini kuku mkubwa aliyebebwa mzima mara nyingi ni kazi ya kanu, ya fungo, au ya mbwa wa jirani ambaye hatajwi kwa sababu jirani naye yuko kwenye kikao. Aliyepotea mchana aulizwe nguchiro au mwewe.

Harufu peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu fungo pia ana yake. Ni yeye anayetoa zabadi, ambayo Ethiopia imeiuza nje kwa karne nyingi na watengenezaji wa manukato Ulaya wakailipia vizuri. Uani kwetu hakuna anayelipa, basi inabaki uvundo.

Ukimkuta kicheche ana kwa ana, kwanza hutafuta pa kukimbilia. Akikosa njia, husimamisha nywele, huinua mkia, hukoroma na kupiga yowe, kisha hukugeuzia mgongo. Maelezo yake yameishia hapo. Mwenye busara hurudi nyuma taratibu. Mwenye fimbo husonga mbele, na wiki nzima familia inajua alisonga hadi wapi. Wakati mwingine hujilaza kama mfu. Anayeinama kuhakikisha atahakikishiwa.

Wengi hukimbilia sumu, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na haihitaji kukesha. Tatizo ni kwamba sumu haichagui. Dawa nyingi za panya huzuia damu isigande, na panya aliyeila huchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Siku hizo hutembea akiyumba, na huyo ndiye rahisi kukamatwa na bundi, paka wa nyumbani au kicheche. Mwenye nyumba anakuwa ameua walinzi wake wa zamu, na panya waliobaki ghalani wanapata nafasi ya kuzaana. Nchini Kenya, Furadan, ambayo ni dawa ya wadudu wa mashambani, ilitiwa kwenye mizoga ili kuua simba, ikaua na tai waliokuja kula. Kampuni iliyoitengeneza, FMC, iliiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009. Tena yai lenye sumu likiachwa uani, wa kwanza kulifikia huenda asiwe mnyama. Huenda akawa mtoto.

Wengine, kwa huruma, humtega mnyama wakamwachie mbali. Mnyama aliyetupwa ugenini hajui maji yako wapi wala adui anatokea wapi, na wengi hufa. Watu wa Masisi, waliokwisha kuhama usiku mara nyingi na mizigo kichwani, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kinachofaa ni kazi ya seremala na ya mfagiaji. Tazama kibanda cha kuku cha kawaida. Kimejengwa kwa mbao zilizopigiliwa zingali mbichi. Zikikauka zinapinda, nyufa zinafunguka, na chini kabisa kuku wenyewe wamechimba udongo hadi pakawa na njia. Mahali ngumi ya mtoto inapopita, kicheche anapita. Dawa ni kukiinua kibanda juu ya miguu, nusu mita au zaidi. Kama hakiinuliki, fukia waya wa kuku kukizunguka, sentimita 30 kwenda chini, na ukunjo wake uelekee nje. Mchimbaji huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha haji na wazo la kurudi nyuma hatua mbili. Asiye na waya apange mawe bapa. Kuku waingie kabla ya giza, na mayai yaokotwe jioni.

Kama mnyama amejichimbia chini ya nyumba, nyunyiza majivu ya jikoni mbele ya shimo jioni, asubuhi usome nyayo. Kisha ziba shimo kwa majani makavu, kwa ulegevu. Yakikaa usiku mbili tatu bila kuguswa, ndani hamna mtu. Jaza mawe na udongo. Lakini ukisikia vilio vyembamba, ngoja hadi watoto watoke wenyewe wakimfuata mama. Anayemfungia mama nje huwaacha watoto wakioza chini ya kitanda chake, na hiyo ni harufu nyingine.

Aliyerushiwa maji ya kicheche aoshe macho kwa maji mengi. Kwa skanki, mkemia Paul Krebaum wa Illinois alitoa mwaka 1993 dawa inayotumika hadi leo: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bikarbonati na kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Huvunja zile kemikali za salfa zinazonuka. Ichanganye wakati wa kuitumia, isiguse macho, na usiifungie kwenye chupa, kwa maana hutoa gesi na chupa itapasuka. Nyanya, zinazosifiwa sana kwa kazi hii, huifunika harufu tu. Afadhali ziende kwenye maharagi.

Kuna hali moja ambapo upole haumaanishi kusogea. Mnyama wa usiku anayetembea mchana akiyumba, asiyeogopa watu wala mbwa, anaweza kuwa na kichaa. Waite watoto ndani na usimguse hata akifa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Linabaki jaa. Vichwa vya ndagala, maganda, mabaki ya fufu yaliyomwagwa nyuma ya jiko: huo ndio mwaliko. Panya huitikia kwanza, na mla panya huja nyuma yao. Ghala lililo juu ya miguu yenye vipande vya bati vya kuzuia panya hupunguza wageni wa aina zote mbili. Ila mahali nyumba zimesongamana, na hasa penye kambi za waliokimbia vita, usafi wa parseli moja hautoshi. Salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, tunayo tangu enzi ya Mobutu. Haikupendwa kila wakati, na aliyeitisha mara nyingi hakushika jembe, lakini shimo la taka la mtaa mzima ni kazi inayoistahili.

Ombi kwa wenye parseli ni hili: kabla ya kununua kipakiti cha sumu, okoteni mayai jioni hii na mzibe nyufa za kibanda. Gharama yake ni misumari michache, na hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa kuonja ubao uliopigiliwa vizuri.