Nakala, Ghushi na Bandia: Istilahi za Vyombo vya Kale vya Chuma cha Kusubu

Miezi michache iliyopita tuliletewa tafsiri ya orodha ya vyombo vya nyumbani ili tuihakiki. Orodha hiyo ilitoka Marekani, nayo iliambatana na sanduku la vitu ambavyo mwenyewe alikusudia kuvitoa zawadi kwa chuo kimoja. Mtafsiri, ambaye Kiswahili chake ni kizuri, aliandika katika mstari wa nne: "benki ya chuma, ya bandia". Karani aliyeipokea karatasi alifahamu kwamba pana udanganyifu, akaiweka kando akingoja maelekezo, na sanduku likakaa majuma mengi bila kufunguliwa. Kumbe kitu kilichokusudiwa hakikuwa benki bali kibubu. Wala hakikuwa cha udanganyifu, bali nakala iliyofanywa kwa uwazi na kupigwa chapa ya kukiri hivyo chini ya kitako chake.

Kosa la kwanza halihitaji maelezo marefu. Mtoto yeyote wa pwani anakijua kibubu, kiwe cha udongo au cha mbao, na kukiita benki ni kufuata lugha ya kigeni kwa upofu. Kosa la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu neno moja, bandia, limebebeshwa mizigo mitatu au minne isiyofanana. Ili kuigawa mizigo hiyo yafaa kwanza tukitazame chuma chenyewe, maana istilahi isiyoshika kitu mkononi haidumu.

Mafundi wetu tangu zamani wametofautisha kufua na kusubu. Mhunzi hufua: hukitia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akakipiga nyundo juu ya fuawe. Fundi wa kusubu hukiyeyusha kabisa, akakimimina katika kalibu. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, aghalabu kati ya asilimia 2 na 4, na kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiyeyuke kwenye digrii 1,200 hivi za Selsiasi, ilhali chuma kitupu huhitaji digrii 1,538. Ni kigumu, lakini kikianguka sakafuni hupasuka kama chungu. Kisichanganywe na chuma cha pua, ambacho kaboni yake ni kidogo zaidi. Tumeona katika tafsiri za shule maneno hayo mawili yakibadilishana nafasi, jambo linalomfanya mwanafunzi ashangae kwa nini kikaango cha "chuma cha pua" kimevunjika vipande viwili.

Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na mwaka 1709 huko Coalbrookdale akafaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa badala ya makaa ya miti. Tangu hapo vyombo vya jikoni vya chuma vilishuka bei. Katika karne ya 19 viwanda vya Marekani vilisubu kila kitu cha nyumbani: vikaango, pasi, vizuio vya milango, vitu vya kuchezea watoto, na hivyo vibubu. Kampuni ya J. & E. Stevens ya mji wa Cromwell, Connecticut, ilianza mwaka 1869 kutoa vibubu vyenye mitambo. Kimoja maarufu, kilichopewa hataza mwaka 1873, ni mtu mnene aliyeketi kitini. Ukimwekea sarafu mkononi huitia mfukoni mwake na kutikisa kichwa kama anayeshukuru. Kilikuwa kejeli kwa wanasiasa wala rushwa wa New York. Vingine havikuwa na ucheshi wowote kwetu: vilisubiwa kwa sura za kumdhihaki mtu mweusi, na hata hivyo vimenakiliwa kwa wingi kuliko vingi vya wenziwe. Mtafsiri akutanaye na jina la kibubu cha namna hiyo alieleze jambo lilivyo, wala asilipambe.

Leo vibubu hivyo vya asili huuzwa kwa fedha nyingi, na penye fedha hapakosi mwigo. Tena chuma cha kusubu ni rahisi mno kuigwa. Fundi hukitwaa chombo cha zamani, akakifungua vipande vipande, akakibana kila kipande katika mchanga wenye unyevu ili kiache umbo lake, kisha akamimina chuma kipya katika tundu lililobaki. Hahitaji kuchonga wala kuchora chochote.

Lakini maumbile yamemwekea mtego. Chuma cha kusubu kinapopoa hunywea kwa kadiri ya asilimia 1. Mchongaji wa kwanza alilijua hilo, naye alikifanya kielelezo chake kiwe kikubwa kidogo ili chombo kitoke katika kipimo alichotaka. Anayetumia chombo chenyewe badala ya kielelezo hupata chombo kilichonywea mara ya pili. Kitako cha milimita 150 hutoka kikiwa na milimita 148 na nusu. Jicho haliuoni upungufu huo, rula huuona. Ndiyo sababu wakusanyaji wa Marekani huweka michoro ya vitako: huweka kibubu kinachojulikana kuwa cha asili juu ya karatasi, wakapitisha penseli kukizunguka, na kila kibubu kinachoshukiwa huletwa kupimwa juu ya mchoro huo. Kikipwaya ndani ya mstari, kimesubiwa kutokana na kingine. Kipimo hiki hakimkamati yule aliyefanya kielelezo kipya kwa hesabu sahihi. Huyo hukamatwa kwa njia nyingine.

Njia hizo ni ngozi ya chuma na maungio yake. Viwanda vya zamani vilivyotengeneza vyombo vizuri vilitumia mchanga laini sana, na wafanyakazi waliondoa vishina na mabaki ya mshono kwa tupa ya mkono. Ngozi ya chombo chao ni laini, kuta zake nyembamba, na nusu mbili zake hukutana hata ukucha haupenyi. Nakala za siku hizi nyingi zina ngozi yenye chembechembe kama maganda ya chungwa, ni nzito kuliko asili kwa kuwa kuta zake ni nene, na maungio yake huacha pengo. Kingo zake huonyesha mikwaruzo iliyonyooka na kufuatana, alama ya mashine ya kusagia inayozunguka kwa kasi. Mafundi wetu wa gereji wataitambua alama hiyo bila kuambiwa.

Parafujo nayo husema. Ile yenye kichwa cha msalaba ilienea viwandani katika miaka ya 1930. Ukiikuta katika kibubu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1880, uliza. Nasema uliza, wala sisemi hukumu, kwa kuwa mjukuu wa mwenye kibubu huenda aliipoteza parafujo ya zamani akatia aliyoipata dukani. Kutu mpya ni ya rangi ya machungwa na huacha unga kidoleni. Ya zamani ni ya kahawia nzito, imeshikamana na chuma. Wapo wanaovizika vyombo vipya ardhini au kuvipaka maji ya chumvi ili vizeeke haraka, na kutu yao hutapakaa sawasawa kila mahali. Rangi ya kweli ya zamani hupotea panaposhikwa na vidole au panaposuguana na meza. Rangi iliyopotea katikati ya mgongo na mashimoni, ambako mkono wa mtoto haukufika, imeondolewa na mtu aliyekusudia kuiondoa.

Basi tuyarudie maneno. Neno bandia lina heshima yake ya zamani. Mtoto wa bandia, meno ya bandia, mguu wa bandia: hakuna anayedanganywa hapo. Ni kitu kilichofanywa kusimama mahali pa kingine, na kila mtu anajua. Lakini noti za bandia na dawa za bandia ni jinai. Karani wetu alilisoma neno kwa maana ya noti, mtafsiri aliliandika kwa maana karibu na ya meno, na wote wawili walikuwa na haki. Neno lenye tabia hiyo linafaa katika mazungumzo. Katika orodha rasmi ni hatari. Neno "feki", ambalo vijana wamelizoea, halitusaidii, kwa kuwa nalo limejaa lawama tupu bila kueleza kilichofanyika.

Pendekezo letu ni kutenga mambo mawili: namna chombo kilivyofanywa, na kile kinachodaiwa juu yake. Chombo kilichosubiwa upya kwa kufuata cha zamani ni nakala, bila kujali ni nani amekifanya. Nakala inakuwa ghushi pale tu mtu anapoidai kuwa asili, ama kwa kauli, ama kwa kuitengeneza ionekane hivyo. Kughushi ni tendo la mtu, si sifa ya chuma. Mfano bora ni vibubu vilivyonakiliwa Marekani katikati ya karne ya 20 vikiwa na maandishi kitakoni yanayosema kwamba vimenakiliwa kutoka mkusanyo wa The Book of Knowledge. Vilipotoka kiwandani vilikuwa nakala halali. Baadhi yake viliangukia mikononi mwa watu waliosaga maandishi hayo, wakaipaka sehemu ile rangi na kutu, wakaviuza kwa bei ya asili. Chuma ni kilekile, uzito ni uleule. Kilichogeuka ni dai. Kwa hiyo yule anayekagua chombo kwa macho na rula anaweza kuandika "nakala". Aandikapo "ghushi" amemtuhumu mtu, naye awe na ushahidi wa dai hilo: hati ya mauzo, au alama ya kusagwa kwa maandishi.

Viko vyombo visivyoingia katika maneno hayo mawili. Kibubu chenye kitako cha asili na kichwa kilichotoka kwa kingine tumekiita kiunge, kwa kuwa kimeungwa. Na viko vilivyofanywa kwa mtindo wa zamani ilhali havikuwa na asili yoyote ya kunakiliwa. Hivyo si nakala, maana nakala ya nini? Tumependekeza vyombo vya uzushi. Lipo pia suala la jina. Kampuni ya Griswold ilisubu vikaango vyake katika mji wa Erie, Pennsylvania, tangu karne ya 19 hadi mwaka 1957. Baada ya hapo jina liliuzwa, na vikaango vyenye jina hilo vikaendelea kutoka katika kiwanda kingine. Kikaango hicho cha baadaye si nakala wala ghushi. Ni Griswold kwa haki ya jina, ila si cha Erie, na tafsiri itaje mahali na wakati badala ya kutafuta neno la lawama. Ghushi ni kile kilichosubiwa na mtu asiye na haki ya jina, akalitia jina la Erie, mara nyingi likiwa limekaa upande na herufi zake zimevia.

Neno kale nalo lina mipaka ya kisheria ambayo mtumishi wa serikali hawezi kuipuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1964, iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalio ya kale. Forodha hutumia kipimo kingine: fungu la 97.06 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki pia huufuata, huhesabu umri unaozidi miaka 100, na tangu mwaka 2022 hutenga vile vinavyozidi miaka 250. Kibubu cha mwaka 1873 basi ni cha kale forodhani, lakini hakifikii mpaka ule wa mwaka 1863. Nakala yake ya mwaka 1955 haimo popote katika mambo hayo. Ni bidhaa ya chuma kama sufuria.

Tusidhani kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Pasi ya mkaa iliyo nyumbani kwa bibi yako na pasi ya mkaa mpya huweza kufanana kwa umbo hata kwa komeo lake. Ile mpya inaponunuliwa ili kunyoosha nguo mahali pasipo umeme si nakala ya kitu chochote: ni pasi. Mtu akiichoma motoni ipoteze rangi, akaiuza kwa mgeni kuwa ya karne ya 19, hapo ndipo neno ghushi linapofaa, na linamhusu yeye.

Mstari wa nne wa orodha yetu tuliurekebisha usomeke hivi: "Kibubu cha chuma cha kusubu chenye mtambo, nakala, yenye chapa kitakoni, si cha kale kwa maana ya forodha." Karani aliusoma, akauliza kama sarafu ya shilingi mia mbili itaenea mkononi mwa yule mtu mnene, akatia saini.