Karteri ya alumini imepasuka: usikimbilie kuchomelea

Wandugu, pale Kibati mawe ya Nyiragongo tunayajua. Moja likigonga chini ya Land Rover ya zamani, karteri ya gia inapasuka, na kupata ingine ni kazi.

Kuchomelea inawezekana, lakini alumini si chuma. Chuma kinakuwa chekundu kwanza. Alumini haikuonyeshi kitu, inakaribia 660°C na inaanguka tu. Juu yake kuna ngozi ya oksidi inayotaka zaidi ya 2,000°C, ndiyo maana fundi anaweka TIG kwenye umeme wa alternatifu: unaivunja ile ngozi, argoni inazuia hewa.

Lakini adui mkubwa ni mafuta. Karteri imeyanywa miaka na miaka. Ukiisafisha juu juu, joto linayatoa na soudure inajaa matundu, kama jiwe letu la volkano kabisa! Basi osha, pasha moto yatoke, sugua, rudia. Toboa katundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Pasha kipande kizima kama 150°C, kisha kipoe polepole.

Ufa ukifika penye kukaa rulma, mimi ningeacha.

Kupima: chaki nje, mafuta ya taa ndani. Chaki ikiloa, bado.